Afisa Aliyekuja Kianguru Kutafuta Hatari

Habari ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa Baraza la Mji kwa pini nne, na Hezekiah aliibandua ili apate kuisoma akiwa ameketi.

Aliketi palepale alipoketi kila siku: kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Theuri, fundi wa viatu, ubavuni mwa hoteli ya chai ya Watiri. Mwaka huo wa 1973 mji mdogo wa Kianguru, ulioko kati ya Mweiga na Endarasha, ulikuwa na posta, makanisa matatu, baraza lenye madiwani tisa, na benchi hilo. Madiwani walikutana mara moja kwa mwezi. Benchi lilikutana kila siku, na halikudai posho.

Hezekiah aliitwa Bunge, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, na tangu alipostaafu hakuweza kusema neno bila kutaka liandikwe. Gicheru, mfanyabiashara wa viazi, aliitwa Gunia, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya umbo lake. Watiri aliitwa Jaji: mabishano yakimchosha alikuja akaondoa vikombe, na kikao kikawa kimekwisha. Theuri mwenyewe aliitwa Dakika. Alikuwa ametundika saa yake ya mfukoni kwenye msumari juu ya nyundo, na kila mteja aliambiwa amechelewa kwa dakika ngapi kabla ya kuulizwa viatu vyake vina nini.

"Sikilizeni," alisema Bunge, akivaa miwani. "'Baraza limetenga fungu la kusaidia ngoma, maigizo na kazi za kujitolea kwa ajili ya vijana walio hatarini.' Walio hatarini. Iandikwe."

"Hatari gani?" aliuliza Gunia. "Mimi nilizaliwa mwaka ya nzige. Walikula shamba, wakakula nguo kwa kamba, wakabakisha baba yangu peke yake kwa sababu alikuwa mchungu. Hakuna mtu alikuja kunipatia ngoma."

"Ulipewa jembe," Watiri alisema kutoka ndani. "Ukaliuza."

"Niliuza kwa sababu ilikuwa hatari. Ilikuwa inanikata."

"Endelea, Bunge," alisema Theuri. Alikuwa na misumari mitatu midomoni, akazungumza akiizunguka.

"'Kikundi kitakachomridhisha afisa wetu kitakabidhiwa ghala la zamani la pareto kwa muda wa miaka mitatu, pamoja na mabati mapya na ngoma sita. Afisa atazuru Kianguru siku ya Alhamisi. Asiporidhika, ghala litakodishwa kwa matumizi mengine.'"

"Hayo matumizi mengine ni mimi," alisema Gunia, akinyoosha miguu. "Nimepima mlango na gunia. Zinapita mbili mbili."

Nyundo ya Theuri ilisimama hewani. Katika ghala hilo Magdaline, mkunga mstaafu, alikuwa akiwafundisha vijana kumi na mmoja ngoma na maigizo bila malipo, na kila Jumamosi aliwatoa kwenda kuzibua mitaro ya wajane. Mmoja wao alikuwa Ngendo, kitinda mimba wa Theuri, mwenye umri wa miaka kumi na saba. Mnamo Januari askari alimleta nyumbani mara mbili, kutoka kwenye kituo cha basi, ambako alikuwa pamoja na vijana wenye desturi ya kushusha mizigo ya abiria kabla wenyewe hawajaikumbuka. Aprili alipewa ngoma. Tangu hapo alirudi nyumbani kila siku ifikapo saa kumi na mbili, na baba yake humpokea mlangoni akiwa na saa mkononi. "Umechelewa dakika nne," humwambia, hata zikiwa mbili. "Ndiyo, Baba," hujibu Ngendo, kisha hula, kisha hulala, na Theuri naye hulala. Kama ghala lingejaa viazi, msichana angerudi kituoni. Theuri alilijua hilo kama alivyojua ukubwa wa kila mguu mjini, na aliamini kwamba hakuna mwingine aliyelijua.

"Lakini msichana apige ngoma," aliendelea Gunia. "Zamani ngoma ilikuwa ya wanaume."

"Zamani viazi vilikuwa vya wanawake," alisema Watiri, "na hakuna aliyekuzuia."

Wakati huo Magdaline mwenyewe alifika, mrefu, mwavuli kwapani, akalitazama tangazo lililo mikononi mwa Bunge.

"Hezekiah, utalirudisha hilo ubaoni. Wako wengine wanaojua kusoma."

"Nilikuwa nalihifadhi, Mama. Mvua."

"Nina ombi moja kwenu, wazee. Alhamisi msiwaguse vijana wangu. Afisa anakuja kuona vijana walio hatarini. Awaone jinsi walivyo, na viraka vyao, na nywele zao, na yule Wamae akitukana kidogo."

"Wamae atukane mbele ya mgeni?" aliuliza Bunge.

"Kidogo tu. Nimemwambia asifike mbali."

Alipokwisha kwenda zake, vichwa vya benchi vilisogeleana.

"Huyu mama amesoma mpaka akapitiliza," alisema Gunia. "Ati mgeni atoke mbali, sisi tumwonyeshe magoti ya Wamae yakichungulia kwa suruali?"

"Mkuu wa wilaya alipokuja mwaka wa sitini na nane," alisema Bunge, "tulipaka mawe chokaa kutoka posta mpaka mtoni. Yeye mwenyewe alisema hajaona mawe kama yale."

"Mlimpaka hata mbuzi wangu," alisema Watiri.

"Alikuwa amelala kando ya barabara, Jaji. Hakujitambulisha."

Theuri alitema misumari yake mitatu kiganjani, jambo alilolifanya kwenye maombi na kwenye ugomvi tu.

"Msichana wangu hataandikwa hatarini kwa karatasi ya serikali," alisema. "Karatasi haifi. Siku ya kuolewa watu watakuja nayo wakiisoma. Alhamisi kila mtoto wa hiyo kikundi atakuwa na viatu. Nitashona mimi, bure."

"Makoti nitayatoa kwenye kwaya," alisema Bunge. "Na tai. Kumi na moja. Iandikwe."

"Chokaa iko kwangu," alisema Gunia. "Debe mbili."

Watiri alitokeza kichwa dirishani. "Gunia, si wewe unayelitaka ghala?"

"Nalitaka sana. Lakini mgeni ni mgeni. Kuna biashara, halafu kuna aibu."

Watiri alikuja akaviondoa vikombe, hata kile cha Bunge kilichokuwa kimejaa.

"Mama amewaomba kitu kimoja," alisema. "Kimoja tu."

Alhamisi ukungu uliteremka kutoka Nyandarua, ukatanda juu ya Kianguru, na chokaa iliyopakwa usiku uliopita ikakataa kukauka. Mawe yalimeta kando zote mbili za barabara. Peugeot ya Baraza iliegeshwa kwenye mteremko mbele ya benchi, na wazee wakakaa kuilinda, wamevaa nguo za kanisani. Theuri alikuwa na suti yake nyeusi, ile ya uzee wa kanisa, iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali.

Afisa aliitwa Bwana Njeru, mtu wa upande wa Embu, mpole, asiye na kofia kichwani. Alikaa ghalani nusu saa, akatoka, akaomba chai.

"Karibu, Bwana Afisa," alisema Bunge. "Umewaonaje vijana wetu?"

"Nimeona ajabu. Vijana kumi na mmoja, tai kumi na moja. Mmoja amenisomea zaburi nzima bila kutazama kitabu."

"Huyo ni Wamae," alisema Theuri. "Amejifunza kwa siku mbili."

"Na yule msichana wa ngoma ameniamkia kwa kukunja goti. Viatu vyake vinang'aa hata nimejiona sura."

"Hiyo ni mkono yangu," alisema Theuri, akiinamisha macho kwa unyenyekevu ambao haukumfaa sana.

"Ndiyo maana nimesikitika."

Vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni.

"Fungu hili ni la vijana walio hatarini," alisema Bwana Njeru. "Hawa hatari yao ni ipi? Kufanywa mashemasi kabla ya wakati. Asubuhi nilikuwa mahali pengine, sitapataja. Waliniibia kofia kichwani, nami nimeivaa, na ninatembea. Pale pana hatari. Ngoma zitakwenda kule. Mama yule ameniomba nitie sahihi kitabu cha wageni na kuwasikiliza kwa wimbo mmoja wa mwisho, kisha niwaage."

Alirudi ghalani. Gunia alijaribu kuhuzunika, lakini uso wake ulikuwa mpana na huzuni haikutosha kuujaza.

"Pole sana, Dakika," alisema. "Nitaanza na gunia arobaini tu."

"Tumewaosha mpaka wamepotea," alisema Theuri polepole.

"Mfuate umwambie ukweli," alisema Watiri. "Mwambie Ngendo aliletwa na askari mara mbili."

"Mbele ya watu?"

"Watu wote wanajua, Dakika."

Theuri alimgeukia Bunge. Bunge akaanza kusafisha miwani yake. Alimgeukia Gunia, na Gunia, ambaye kwa kawaida hakunyamaza hata akitafuna, alikuwa akikikagua kikombe chake kana kwamba anataka kukinunua. Tangu Januari, basi. Walikuwa wameketi hapa tangu Januari, wakicheka kila mtu na kila kitu, na hilo hawakuligusa.

Kutoka ghalani ngoma ilianza kulia, nzuri, imara. Theuri aliitambua mikono ya binti yake.

Aliinuka. Kibandani mwake kulikuwa na chuma kilichobapa upande mmoja, alichokitumia kupasulia matairi makuukuu ya kutengenezea viatu vya akala. Alikichukua.

"Unaenda wapi?" aliuliza Gunia.

"Kutafuta hatari."

Theuri hakuwa amewahi kuiba maishani mwake, na aliiba kama mtu mwangalifu. Kwa kuwa gari lilikuwa mteremkoni, alitoa kwanza mawe mawili kando ya barabara, akayasukumia nyuma ya magurudumu lisije likamponda mtu. Kisha akapiga magoti, akaingiza chuma, na kofia ya gurudumu la kwanza ikafunguka kama kifuniko cha sufuria. Alipiga magoti mara nne. Kila kofia aliipangusa kwa mkono wa koti kabla ya kuitia katika moja la magunia mawili ya vipande vya tairi yaliyokuwa mlangoni mwa kibanda, lile la kushoto. Benchi lilimtazama kama watu wanaomwona mchungaji wao akipanda paa la nyumba ya bibi wa mtu.

"Hii," alisema Bunge, "isiandikwe."

Wimbo ulikwisha. Bwana Njeru akatoka pamoja na Magdaline, na nyuma yao vijana kumi na mmoja kwa mstari. Afisa alifika kwenye gari lake, akasimama.

"Kofia za magurudumu yangu ziko wapi?"

"Ni vijana, Bwana Afisa," alisema Theuri. "Vijana wa hapa ni wabaya sana. Nilikusikia ukiwasifu, nikanyamaza kwa adabu tu."

"Vijana gani?"

"Hao."

"Hawa walikuwa mbele ya macho yangu wakiimba. Hata mmoja hakuondoka."

Hilo Theuri hakuwa amelifikiria.

"Basi ni wale wengine," alisema. "Tuko na wengine. Wamejaa. Si ndiyo, Gunia?"

Gunia alimtazama rafiki yake, akalitazama ghala lenye mlango wa magunia mawili mawili.

"Wamejaa," alisema. "Saa hii wamelala."

Bwana Njeru alilitazama jiwe jeupe lililokuwa nyuma ya gurudumu. Aliutazama mstari wa mawe kando ya barabara, na mapengo mawili yaliyokuwamo, kama meno yaliyong'oka. Kisha akayatazama magunia mlangoni mwa kibanda, na magoti ya Theuri. Kwenye suruali ile nyeusi palikuwa na miviringo miwili myeupe, mikubwa kama sahani.

Alinyoosha mkono. Mzee wa kanisa hawezi kuukataa mkono wa mgeni, na Theuri akampa wake. Afisa alipouachia alikigeuza kiganja chake mwenyewe, akakisoma: chokaa, na juu ya chokaa, grisi.

"Jina lako, mzee?"

"Theuri."

"Umri?"

"Hamsini na nane."

"Kazi?"

"Viatu." Alisita. "Pia ni mzee wa kanisa."

Bwana Njeru aliandika kwa muda mrefu. Kisha akayatoa mawe yale mawili, akayarudisha kwenye mapengo yake, akajipangusa, akaondoka na magurudumu yake yaliyo uchi. Magdaline akawarudisha vijana ghalani, lakini Ngendo alibaki.

"Baba, magoti yako yana nini?"

"Nilikuwa ninaomba."

"Juu ya chokaa?"

"Mungu hachagui mahali."

Alimtazama kwa jicho ambalo Theuri alilifahamu vizuri, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe. Ndilo alilomtazamia binti yake kila mara askari alipogonga mlango. Kisha msichana akatoa leso, akachutama na viatu vyake vinavyong'aa, akaanza kumpangusa magoti, moja, halafu la pili.

Siku tano Theuri alingoja askari. Hakumwambia mteja yeyote kwamba amechelewa. Jumanne, saa kumi ya jioni ikikaribia, hakuja askari bali Magdaline, na barua.

"Soma, Hezekiah," alisema. "Yote. Usiruke mahali."

Bunge alivaa miwani. "'Kwa Bibi Magdaline. Baada ya kuzuru mji wako, nathibitisha kwamba Kianguru imo hatarini. Ushahidi niliuona kwa macho yangu na kuushika kwa mkono wangu.'"

"Amesema hivyo?" aliuliza Watiri, akatoka nje kabisa.

"'Kwa hiyo ghala la pareto limekabidhiwa kikundi chako kwa miaka mitatu, pamoja na mabati na ngoma.'"

Gunia aliweka kikombe chini. "Gunia arobaini," alisema, akizungumza na mtu asiyekuwapo.

"'Masharti ni mawili. Kwanza, kofia nne zilizomo katika gunia la kushoto zirudishwe.'"

"La kushoto," alisema Theuri. "Aliona."

"Hata mbuzi wangu aliona," alisema Watiri.

"'Pili, imebainika kwamba mtu aliye hatarini kupita wote mjini hapo hayumo kikundini. Aandikishwe mara moja. Atahudhuria ngoma kila Jumanne na Ijumaa saa kumi, na Jumamosi atajitolea pamoja na wenzake mitaroni. Orodha ya mahudhurio iletwe kwangu kila mwezi. Akikosa mara tatu, ghala litapewa mpangaji wa viazi.'"

Benchi lote lilimgeukia fundi wa viatu.

"Mara tatu tu?" aliuliza Gunia, na uhai ukamrudia usoni. "Dakika, ndugu yangu, wewe si mgongo unakusumbua?"

"Haunisumbui."

"Utakusumbua. Tena niko na viatu vya kushonwa, vya nyumba yangu yote, na vya shangazi zangu wa Kangari. Nitavileta Jumanne na Ijumaa. Saa kumi kamili."

"Mimi ni mzee wa kanisa," Theuri alimwambia Magdaline. "Hii ni ya vijana. Nina miaka hamsini na nane."

"Barua haikutaja ukomo wa umri," alisema Bunge. "Nimeutafuta. Ingekuwapo ingeandikwa."

"Unaweza kukataa," alisema Magdaline. "Nitamwandikia afisa kwamba umekataa, na Gicheru ataleta viazi vyake."

Theuri aliitazama saa yake msumarini. Aliitungua. Akafunga mlango wa kibanda mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu siku alipozaliwa Ngendo, akavuka barabara, akipita katikati ya mawe yaliyokwisha kukauka.

Mlangoni mwa ghala alisimama binti yake, daftari mkononi.

"Jina?"

"Ngendo, mimi ni baba yako."

"Jina, tafadhali. Kila mtu anaulizwa."

"Theuri."

Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaushika mkono wa baba yake, akaugeuza, akaisoma saa iliyokuwamo.

"Umechelewa dakika nne," alisema.

Theuri alijua kwamba zilikuwa mbili.

"Ndiyo," alisema, akaingia.

Benchini walingoja. Baada ya muda ngoma ililia mara moja, peke yake, mahali ambapo haikutakiwa, na sauti ya msichana ikasema, "Rudia." Ikalia tena.

"Rudia."

"Viazi," alisema Gunia, "vingekaa kimya."

Watiri akaondoa vikombe.